Mtoto tusiyemwandika



Majira ya baridi yaliyopita, jioni ya Jumapili, kijana mmoja aligonga mlango wa nyumba yetu hapa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, nchi ya Kanada. Theluji ilikuwa ingali mabegani mwake, na kwapani alikuwa amebana bahasha kubwa ya kaki. Baada ya salamu na kikombe cha chai alituambia: « Mwalimu, nimekuja unisaidie kuandika. Ninataka kumwita mke wangu na watoto. »

Sisi tunaoandika maneno haya tulizaliwa katika eneo la Rutshuru, tukasoma shule ya misioni, tukaingia seminari ndogo, kisha tukafanya kazi ya ualimu. Jina la ualimu halimwachi mtu, hata akiwa mfagiaji wa hoteli ugenini, kama tulivyokuwa sisi. Kwa hiyo Wakongo wa mtaa huu wakipata karatasi ya serikali huja nayo kwetu, nasi huisoma pamoja nao mstari kwa mstari.

Kijana yule alikuwa amekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi. Iliyobaki ilikuwa kuomba ukaaji wa kudumu, na sheria ya Kanada humruhusu mtu wa namna hiyo kuwaandika katika maombi yaleyale mke wake na watoto wake waliobaki ng'ambo. Siku hizi mambo hayo hujazwa katika kompyuta, lakini sisi hupenda kuyaandika kwanza kwa kalamu, ili mwenyewe ayaone vizuri kabla hayajatumwa.

Basi tukaanza. Jina la mke, tukaliandika. Jina la mtoto wa kwanza na la mtoto wa pili, tukayaandika. Tulipofika mstari wa tatu, kijana aliweka kiganja juu ya karatasi. « Huyu wa tatu tumwache kwanza, Mwalimu, » alisema polepole. « Mama yake ni mwingine. Tena watu wanasema kwamba majina mengi huchelewesha mambo. »

Tuliweka kalamu chini. Maneno yale tuliyafahamu sana. Sisi wenyewe tuliyasema zamani, si kwa kinywa bali kwa kunyamaza. Ndipo tukamsimulia kijana habari hii tunayowasimulia ninyi leo.

Mwaka 2008 tulitoka seminarini. Hatukufukuzwa; tuliona tu kwamba upadri haukuwa wito wetu. Mwaka uliofuata tulizaa mtoto wa kike na msichana wa kijiji cha jirani, bila ndoa. Jambo hilo lilikuwa aibu kubwa kwa mtu aliyetumikia Misa tangu utoto. Wazee wa pande mbili walikaa, wakasema, wakamaliza. Mtoto akabatizwa, akalelewa na mama yetu mzazi. Msichana yule baadaye aliolewa na mtu mwingine. Mwaka 2011 sisi nasi tulifunga ndoa kanisani na yule ambaye ni mama wa nyumba yetu hata leo. Alijua habari za binti yetu tangu mwanzo, wala hakuzificha wala hakuzitangaza. Alisema neno moja tu: « Mtoto hana kosa. »

Mwanzoni mwa Julai 2012 waasi wa M23 waliteka Bunagana, mpakani mwa Uganda, na siku chache baadaye wakaingia mji wa Rutshuru. Kabla ya hapo watu wenye silaha walikuwa wamekuja shuleni kwetu kutaka wanafunzi wakubwa. Tulikataa kuwatoa, na jina letu likaanza kutajwa mahali pabaya. Mama watoto alikuwa mja mzito. Tulimtanguliza Goma pamoja na mwana wetu wa kiume wa kwanza, mama yetu mzazi na binti yetu. Sisi tulibaki siku mbili ili kuficha vitabu na daftari za shule. Siku hizo mbili zilitutenga kwa miaka saba.

Barabara ya Goma ilifungwa. Tulivuka mpaka kwa miguu katika msafara wa watu wengi, tukafika Kisoro, tukapokewa katika kituo cha Nyakabande. Kutoka huko malori yalitupeleka Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, ambako serikali ya Uganda ilikuwa imefungua tena makazi ya wakimbizi mwaka uleule. Tulipewa kipande cha shamba na jembe, tukapanda mahindi. Asubuhi tulifundisha watoto chini ya turubai. Mapema mwaka 2013 simu ya jirani ililia: huko Goma tulikuwa tumepata mwana wa pili. Tuliisikia sauti yake akilia, basi.

Mwaka 2015 tuliitwa mbele ya afisa aliyekuja kuchagua watu wa kuhamia Kanada. Alituuliza mengi juu ya vita, naye alisikiliza kwa upole. Kisha aliuliza: « Una watoto wangapi? Wataje wote, watakaosafiri nawe na wasiosafiri, wa ndoa na wasio wa ndoa, hata wanaolelewa na watu wengine. » Swali lilikuwa wazi kama mchana. Hatuwezi kujitetea leo kwamba hatukulielewa.

Lakini mkalimani alikuwa mtu wa jumuiya yetu ya sala. Padri alifika mara chache, na Jumapili nyingi sisi ndio tuliowasomea watu masomo ya Misa, yeye akiwa ameketi mstari wa mbele. Tena katika makazi yale kulikuwa na maneno yaliyotembea kutoka nyumba hata nyumba: mwenye watoto wengi huchelewa, mtoto wa nje hufanya ndoa ishukiwe, mtoto mlemavu huifanya jamaa nzima ikataliwe. Hakuna aliyejua maneno hayo yalitoka wapi, lakini kila mtu aliyaogopa. Tulimtazama mkalimani, tukainamisha kichwa, tukasema: « Wawili. »

Kabla ya safari tuliulizwa tena kama kuna mtu wa jamaa asiyetajwa. Tukasema hakuna. Februari 2017, katika kiwanja cha ndege cha Kanada, afisa wa tatu alishika karatasi zetu akauliza kabla ya kutia mhuri: « Kuna mke au mtoto ambaye hakuandikwa hapa? » Tukasema hakuna. Mara tatu. Msomaji Mkatoliki hana haja ya kuambiwa ni nani mwingine aliyekana mara tatu, na jogoo akawika. Kwetu sisi jogoo alikawia mwaka mmoja.

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Mkimbizi akipelekwa Kanada bila mke wake na watoto wake, lakini akiwa amewaandika, sheria humpa muda wa mwaka mmoja kuomba wafuate katika maombi yake yeye. Huitwa njia ya mwaka mmoja. Mwaka huo ukipita, au kama mtu ni mkaaji wa kudumu wa namna nyingine, hubaki njia ya udhamini: yeye hutia sahihi kwamba atawatunza, na serikali huwachunguza na kuwapa ukaaji. Katika njia zote mbili mlango ni mmoja, nao ni orodha ya majina.

Sisi tulifanya haraka. Mwaka 2017 haujaisha tulikuwa tumetuma maombi kwa ajili ya mama watoto na wana wetu wawili. Usiku tulifagia vyumba vya hoteli, mchana tulilipa kidogo kidogo deni la nauli, maana serikali ya Kanada huwakopesha wakimbizi nauli ya ndege. Tuliona kwamba mambo yote yamepangwa vizuri.

Huko Goma, mama yetu mzazi alikuwa amefariki mwaka 2016. Binti yetu alikuwa amehamia kwa mama watoto, akilala chumba kimoja na ndugu zake wadogo, akiwapeleka shule asubuhi. Siku moja ya mwaka 2018 mama watoto alitupigia simu. Sauti yake ilikuwa imetulia, nasi tukaogopa, kwa maana yeye akikasirika hutulia.

« Baba watoto, » alisema, « nimeandaa zile karatasi walizoniomba. Nimehesabu vitanda vya nyumba hii, nikahesabu na majina uliyoyaandika. Hesabu haikubali. »

Tulijaribu kujitetea. Tulisema kwamba tutamwita binti baadaye, mambo yakitulia. Naye akajibu: « Baadaye ni lini? Ukimwacha mtoto nje ya karatasi umemwacha nje ya nyumba. Mimi siwezi kumfungia mlango mtoto anayeniita mama. »

Kesho yake tulikwenda kwa mama mmoja mzee, mwenyeji wa hapa, aliyekuwa akiwasaidia wageni bure katika chumba cha parokia. Tulimweleza kila kitu. Alifungua kitabu cha kanuni za uhamiaji, akatusomea kanuni ya 117. Maana yake ni hii: mtoto ambaye mzazi hakumtaja alipopewa ukaaji wa kudumu, naye hakuchunguzwa wakati ule, hahesabiwi tena kuwa mtu wa jamaa yake katika sheria ya udhamini. Mzazi hawezi kumwita, hata akiwa na nyumba nzuri na kazi nzuri, hata akiwa raia. Mtoto hakufanya neno lolote; ni mzazi aliyenyamaza, lakini mlango unafungwa usoni pa mtoto. Tena mtu aliyeficha jambo la lazima anaweza kunyang'anywa ukaaji wake, na kuzuiwa kurudi kwa miaka 5.

Tulimwuliza kama ingefaa kuendelea kunyamaza, ili tusiwaharibie na wale wawili. Aliondoa miwani akatutazama. Alisema kwamba uongo wa kwanza umekwisha kufanyika, na sasa tunachagua kama tutaongeza wa pili.

Usiku ule tuliandika barua ya kurasa mbili kwa ofisi ya uhamiaji. Tulitaja jina la binti, tarehe ya kuzaliwa kwake, jina la mama yake, na sababu ya kunyamaza kwetu. Hatukuweka lawama juu ya mkalimani wala juu ya maneno ya kambini. Tuliandika: tuliona haya. Barua ile ilikuwa ngumu kuliko maungamo, kwa maana padri hafungui faili.

Majibu yalichukua miezi mingi. Hatukunyang'anywa kitu. Mama watoto na wana wetu wawili walikubaliwa, lakini binti hakuwa pamoja nao. Mama watoto alikataa kuondoka. Padri wa parokia yao alimwita, akamwonyesha kwamba ruhusa ya safari ina mwisho wake, na kwamba akiiacha ipite, watoto watatu watakosa njia badala ya mmoja. Alikubali shingo upande. Juni 2019 walifika. Mwana wetu wa pili, ambaye tulikuwa hatujamwona kwa macho, alijificha nyuma ya nguo ya mama yake, akatusalimu: « Jambo, Mwalimu. » Hilo ndilo jina alilowasikia watu wakitutaja nalo katika simu. Tulimpa mkono kama mgeni. Binti yetu alikuwa amebaki Goma kwa dada yetu, akiwa na miaka 10.

Nyumba yetu mpya ilikuwa na furaha, lakini mezani mama watoto aliweka sahani moja zaidi. Hakusema neno. Baada ya chakula aliiondoa ikiwa safi.

Tarehe 9 Septemba 2019 serikali ya Kanada ilianza mpango wa muda kwa ajili ya watu wa jamaa ambao hawakutajwa. Iliamua kwamba kanuni ile ya 117 inaweza kulegezwa kwa wakimbizi, na kwa wale waliokuwa wameletwa wenyewe na mume, mke au mzazi, ikiwa kumtaja yule aliyefichwa kusingaliwazuia kukubaliwa wakati ule. Mama mzee wa parokia alitupigia simu asubuhi na mapema. Mpango huo uliwekwa kwanza kwa miaka miwili, kisha ukaongezewa muda. Lakini, wasomaji, tafadhali msiutegemee kama sheria. Mpango wa muda ni kama daraja la miti: sisi tulivuka, lakini hakuna aahidiye kwamba mtu atakayekuja kesho atalikuta.

Tukaanza upya, safari hii kama wadhamini. Mdhamini ni mkaaji wa kudumu au raia, aliyetimiza miaka 18, asiyeishi kwa msaada wa serikali isipokuwa kwa sababu ya ulemavu. Kwa mke na watoto, kwa kawaida hadaiwi kuonyesha mshahara wa kiasi fulani. Bali hutia sahihi ahadi. Kwa mke au mume ahadi ni ya miaka 3 tangu siku anapopata ukaaji, nayo haivunjiki hata wakigombana na kuachana. Kwa mtoto mdogo ni miaka 10, au mpaka atimize miaka 25, lile litakalotangulia. Jimbo la Quebec lina masharti yake lenyewe. Katika muda huo, yule aliyedhaminiwa akichukua fedha za msaada za serikali, mdhamini hulipa. Tulisoma ahadi ile mara nyingi. Tuliona ajabu kwamba serikali ya ugenini inatudai kwa maandishi yale ambayo baba yeyote anadaiwa bila maandishi.

Vilitakiwa vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha serikali hatukuwa nacho, maana hatukuwa tumemwandikisha binti kwa wakati. Kilitafutwa baadaye kwa gharama na taabu. Lakini katika kitabu cha ubatizo padri alikuwa ameandika mwaka 2009 jina letu mahali pa baba. Kitabu kile kilikuwa kimesema kweli miaka sita kabla sisi hatujasema uongo.

Ilitakiwa pia ruhusa ya mama yake mzazi, kwa sababu mtoto hahamishwi nchi bila mzazi wa pili kukubali. Dada yetu alimkuta sokoni akiuza unga wa muhogo. Alifuta mikono, akaisoma karatasi mara mbili, akasema: « Mwambie Mwalimu kwamba ninatia sahihi kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yake. » Alikuwa na haki.

Mwisho afisa aliomba kipimo cha ADN. Si kila mtu huombwa; huombwa pale ambapo vyeti havitoshi, na gharama ni ya mwombaji. Si damu inayotolewa, ni pamba inayopitishwa ndani ya shavu, ya baba hapa na ya mtoto kule. Majibu yalisema lile ambalo kila jirani wa Rutshuru alilijua kwa kumtazama mtoto paji la uso.

Kisha ulikuja ugonjwa wa korona, ofisi zikafungwa, na faili ikalala. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulitapika moto juu ya Goma. Siku tano baadaye serikali iliwaamuru watu wa mitaa mingi kuondoka. Kwa siku tatu simu ya dada yetu haikujibu. Mama watoto hakulala. Sisi tulikaa jikoni tukirudia katika moyo lile neno moja tulilolisema Rwamwanja: wawili, wawili. Siku ya nne dada yetu alipiga simu kutoka Sake. Walikuwa wametembea kwa miguu, binti amebeba godoro kichwani.

Oktoba 2022 alifika Winnipeg, mwenye miaka 13, mrefu kuliko tulivyomfikiri. Mama watoto alimkumbatia kwanza. Alipotugeukia sisi alisema: « Jambo, Baba. » Hatukupata neno la kujibu.

Wiki ya pili alituuliza tulipokuwa tukiosha vyombo. Alikuwa ameziona faili zetu katika sanduku. « Baba, kwa nini wote wako katika karatasi moja, na mimi niko katika karatasi ya peke yangu? »

Tulikuwa tumemwandikia afisa kurasa mbili. Kwake yeye hatukuwa na hata mstari mmoja tayari. Tulimwambia kweli: kwamba tuliulizwa mara tatu, tukamkana mara tatu, kwa sababu ya haya. Alisikiliza akikausha sahani. Hakulia wala hakusema kwamba amesamehe. Aliweka sahani mahali pake, akaenda kulala. Muda wa mwezi mzima alituitikia tu alipoitwa.

Katika jengo letu, sanduku la barua lina kikaratasi cha majina ya watu wa nyumba. Siku moja ya Desemba tuliporudi kazini tuliona kwamba chini ya majina manne limeongezwa la tano, kwa kalamu nyekundu, kwa herufi za mtoto wa shule. Alikuwa amejiandika mwenyewe. Hatukusema neno, naye hakusema. Kikaratasi kile kipo hata leo.

Januari 2025, M23 walipoingia tena Goma, tulikaa usiku tukisikiliza redio. Dada yetu yuko kule, nasi tulimwombea. Chumba cha pili binti yetu alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Mtasema: basi mambo yaliisha vizuri. Ni kweli, lakini yaliisha vizuri kwa rehema, si kwa hekima yetu. Tunawajua wengine ambao hayakuwaishia hivyo.

Kwa hiyo, ninyi mnaosoma haya Bukavu, Uvira, Goma, Kalemie, Lubumbashi, au katika makazi ya wakimbizi ya nchi za jirani, tunawaomba mshike maneno machache.

Mwandikisheni kila mtoto katika ofisi ya serikali mara azaliwapo. Sheria ya jamaa ya Kongo huwapa wazazi siku 90. Cheti cha ubatizo husaidia, lakini hakishiki mahali pa cheti cha kuzaliwa. Hali kadhalika ndoa: ile ya mila na ile ya kanisa ziandikwe pia serikalini. Wala msifunge ndoa kwa simu, bwana akiwa ng'ambo na bibi akiwa nyumbani. Tangu mwaka 2015 Kanada haiikubali, kwa kawaida, ndoa ambayo mmoja wa wawili hakuwapo.

Msimfiche mtoto mlemavu. Maneno yale ya kambini ni ya uongo: tangu sheria iliyoanza kutumika mwaka 2002, mke na watoto wanaodhaminiwa, na wakimbizi kadhalika, hawakataliwi kwa sababu matibabu yao yatagharimu fedha nyingi. Tena msichelewe, kwa maana umri una mpaka wake. Mtoto huhesabiwa kuwa mtegemezi akiwa chini ya miaka 22 na bila ndoa. Kati ya Agosti 2014 na Oktoba 2017 mpaka ulikuwa chini ya miaka 19, na vijana wengi waliachwa nyuma wakati huo.

Na lililo kubwa: mtajeni kila mtoto, asafiri asisafiri, wa ndoa na wa nje. Wazee walisema: mficha uchi hazai. Sisi tulificha uchi wetu, na aliyetembea na godoro kichwani hakuwa sisi.

Tulipomaliza kumsimulia kijana, chai ilikuwa imepoa. Alikaa kimya akitazama bahasha. Hakuandika kitu usiku ule. Alivaa koti, akashukuru, akaondoka na karatasi zake, mstari wa tatu ukiwa mtupu. Tulidhani hatutamwona tena.

Jumapili iliyofuata alirudi. Mkewe, alisema, alikuwa amelia katika simu siku mbili, na siku ya tatu alikuwa amemwuliza mtoto yule anavaa kiatu namba ngapi. Kijana alitoa karatasi katika bahasha. Mstari wa tatu ulikuwa umejaa, pamoja na barua fupi ya kueleza kwa nini mtoto hakutajwa mwanzoni. Alituomba tuisahihishe.

Tuliisoma. Palikuwa na makosa mawili ya herufi. Tuliyasahihisha hayo tu, tukamrudishia kalamu atie sahihi.